Miwani ya polaraizi kwa uvuvi: ijaribu dukani kabla hujatoa hela

Mshipi wa Kigombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Navua mwisho wa wiki na mjomba wangu upande wa Kigombe, kusini ya Tanga mjini. Chombo ni ngalawa, kazi ni mishipi, na upepo ukiruhusu tunatoka nje ya mwamba kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo, tukitafuta kolekole na nguru. Miaka miwili nimevaa miwani nyeusi niliyouziwa kwa jina la polaraizi, yaani ya kukata mng'ao wa maji. Haikuwa polaraizi. Naandika yote niliyojifunza tangu hapo kwa sababu pale ufukweni kila wiki namkuta mwenzetu mwingine ameuziwa giza lilelile.

Niligundua hivi. Kaskazi ilikuwa imetulia, yapata saa tatu asubuhi, tunaelekea ukingo wa mwamba na jua liko mbele yetu. Maji yote yalikuwa kama bati jipya. Mimi na miwani yangu nililiona bati hilohilo, ila limefifia kidogo. Siku ile tulikuwa na mgeni wa mjomba kutoka Pangani, amekaa omo, mbele ya chombo. Ghafla akasema, "Kata kushoto, kuna jiwe." Nikaangalia, sioni jiwe. Akavua miwani yake akanipa.

Wallahi maji yalifunguka. Jiwe lile lilikuwa pale, la kahawia, kingo zake zina rangi ya njano, mwani umelala kufuata mkondo, na juu yake kundi la tasi wameelekea upande mmoja wote. Nikavua miwani, bati likarudi. Nikavaa, jiwe likarudi. Nikafanya hivyo mara nne au tano mpaka mjomba akanikemea niangalie usukani.

Sasa maelezo, kwa ufupi. Mwanga wa jua unatetemeka kila upande. Ukigonga maji na kuruka kuja machoni, ule unaorukia umelala, yaani mtetemo wake mwingi unafuata usawa wa maji. Huo ndio mng'ao. Kioo cha polaraizi kina utando ndani yake unaopitisha mtetemo uliosimama wima na kuzuia uliolala. Mwanga unaotoka kwenye jiwe na samaki chini ya maji haukulala namna ile, kwa hiyo sehemu yake inapita. Miwani nyeusi ya kawaida inapunguza vyote kwa pamoja, mng'ao na samaki. Ndiyo maana mimi nilikuwa naona bati lililofifia.

Jambo hili la mwanga kulala likirukia kwenye kitu, Mfaransa Étienne-Louis Malus aliligundua mwaka 1808 akiangalia jua lililorudi kutoka kwenye madirisha ya jumba moja la Paris. Utando wenyewe wa bei ya kawaida ulikuja baadaye sana, Mmarekani Edwin Land aliomba hataza yake mwaka 1929. Miwani ya polaraizi tunayovaa leo bado inafanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Kuna kitu kimoja wauzaji hawakisemi, nacho ni pembe. Mng'ao unakatika karibu wote ukiangalia maji kwa nyuzi kama 53 kutoka wima. Nikisimama kwenye ngalawa macho yangu yako kama mita 2 juu ya maji, kwa hiyo mahali panapofunguka vizuri zaidi ni kama mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ubavuni. Chini kabisa miguuni miwani haisaidii kitu. Mbali kabisa upeoni inasaidia kidogo tu. Asije mtu akakwambia utaona samaki mita mia mbele.

Na jinsi ya kuijaribu dukani:

Washa simu, weka skrini iwe nyeupe, itazame kupitia kioo cha miwani. Zungusha miwani taratibu mpaka iwe imesimama wima. Kama ni polaraizi, kuna mahali skrini itaingia giza. Au omba miwani mbili za aina ileile, weka kioo cha moja mbele ya kingine, zungusha moja robo mzunguko: pale zinapokutana panakuwa peusi. Ile kadi ndogo yenye picha iliyofichwa anayokuja nayo muuzaji sikatai, ila mimi nataka jaribio ambalo kifaa chake ni changu.

Lililo bora kuliko yote: toka nje ya duka. Tafuta boneti ya gari, marumaru au dimbwi lenye mng'ao. Tazama kwa mshazari, zungusha miwani. Mng'ao unapaswa kupotea na kurudi, kupotea na kurudi. Muuzaji akikukatalia kutoka nje na miwani, acha hela yako mfukoni mwako na wewe uende zako.

Karibuni wenye uzoefu.

Kijana wa Feri

Mkuu asante, nimejaribu sasa hivi na ya kwangu. Skrini haikuzima kabisa, imegeuka rangi kuwa kama ya zambarau. Ndiyo feki?

Mshipi wa Kigombe

Hapana, usiitupe. Simu nyingine zina utando wa ziada juu ya skrini ili mwenye miwani asione giza, kwa hiyo zinabadilika rangi tu. Jaribu kwenye simu ya mwenzio au kwenye skrini ya kikokotoo, kile cha tarakimu nyeusi cha dukani. Kikokotoo hakina siri, kitazima. Kisha nenda kwenye maji. Wewe uko Feri, maji unayo hapo.

Baharia wa Watamu

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni baharia kwenye boti za uvuvi wa wageni huku Watamu, tunatoka kutafuta sulisuli na jodari. Nataka kuongeza habari ya rangi ya kioo maana hapo ndipo watu hupoteza pesa.

Huku nje kwenye kilindi sisi sote tunavaa kijivu. Kijivu hakibadilishi rangi. Na sisi kazi yetu ni kusoma rangi: pale maji ya buluu yanapokutana na ya kijani, pale dagaa wanapojikusanya chini ya ndege, kivuli cha samaki kikija nyuma ya chambo. Kioo kikikupa rangi ya uongo utapita juu ya mstari wa maji bila kuujua. Ule utando wa kioo cha buluu kwa nje nao unapunguza mwanga zaidi, unafaa kwa mwenye kushinda baharini kutwa nzima.

Na msisahau skrini ya chombo. Nahodha akivaa polaraizi na kuangalia kipima kina au ramani ya setilaiti, huenda akaona skrini nyeusi akadhani imeharibika. Ainamishe kichwa upande mmoja, itarudi. Au aisogeze skrini mahali pengine. Mimi nimeshuhudia nahodha akitafuta fyuzi wakati skrini ilikuwa nzima.

Mshipi wa Kigombe

Ndugu yangu wa Watamu, kwa kilindi nakubali. Kwa sisi wa mwambani nabishana nawe. Nimevaa kijivu na nimevaa kahawia kwenye maji yaleyale, siku ileile. Kwenye kina cha pima moja hadi tatu, kahawia au ile ya rangi ya shaba inatenga mchanga na mwani na jiwe vizuri kuliko kijivu. Inapunguza ule ubuluu uliotanda, na vivuli vinakuwa na kingo. Tasi kwenye mwani mimi nawaona kwa kahawia. Kwa kijivu naona mwani tu.

Baharia wa Watamu

Hapo sibishani. Wenzetu wanaovua ndani ya ghuba Mida kwa kutembea majini pia huvaa shaba. Basi tuseme kila mtu na maji yake.

Bint Jambiani

Assalam alaykum kaka zangu. Nimesoma yote, nikaona hapajatajwa sisi tunaokwenda kwa miguu.

Mimi natoka kuchokoa pweza maji yakitoka, hasa bamvua, maji yakikauka mpaka huko mbele. Bibi yangu alinifundisha. Maji tunayoyafanyia kazi ni ya kifundoni hadi ya magotini, kweupe, jua la saa tano liko juu, na mchanga nao unarudisha mwanga. Jioni macho yalikuwa yananiwasha kama nimetiwa pilipili.

Pweza hajitokezi. Unatafuta tundu lake. Mdomoni mwa tundu kuna vigamba vya kome na kaa aliokula, na vijiwe amevipanga mwenyewe kama mtu aliyefunga mlango. Wakati mwingine unaona jicho tu. Upepo ukipiga maji kidogo, vigamba vile huvioni mpaka uwe umeshapita, na pweza ameshazama ndani.

Shemeji yangu alinipa miwani ya polaraizi ya kahawia. Siku ya kwanza nilisimama mahali ambapo nimepita miaka, nikaona matundu mawili ambayo sikuwahi kuyajua. Na hilo la pembe alilosema kaka wa Kigombe ni kweli kabisa, mimi naona vizuri hatua mbili au tatu mbele yangu, ndipo hapo mwendo wangu ulipo. Tena naona na mahali pa kuweka mguu. Mwenye kukanyaga nge wa baharini au samaki jiwe anajua ninachosema.

Ila miwani haikuonyeshi kina cha kweli. Pweza bado yuko chini zaidi kuliko unavyomwona, ukichoma pale unapomwona utachoma maji juu yake. Hilo mkono lazima uuzoee wenyewe.

Nina swali. Vioo vyangu vimejaa michubuko baada ya miezi minne. Nilikuwa nafuta kwa khanga.

Sheikh wa Maskati

Wa alaykum salaam mwanangu. Khanga ndiyo iliyovichuna, lakini si kosa la khanga. Ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka kwenye kioo yanaacha punje, na ukifuta kavu unazisugua punje hizo kama msasa. Mwaga maji baridi kwanza, mengi, chumvi iyeyuke iondoke, kisha futa kwa kitambaa laini kilichotota. Mimi nachukua chupa ndogo ya maji matamu chomboni kwa kazi hiyo tu.

Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Maskati miaka mingi, tunatoka na boti ndogo kufuata jodari. Huku adui mkubwa ni joto. Niliacha miwani nzuri juu ya dashibodi ya gari mwezi wa Julai. Niliporudi, pembeni mwa kioo pameinuka mapovu na kingo zimeachana. Utando wa polaraizi umebanwa katikati ya tabaka mbili, na joto linaziachanisha. Haitengenezeki tena. Weka kwenye kibweta, kibweta kiwe kivulini.

Kuhusu kioo chenyewe: kuna cha kioo cha kweli na kuna cha plastiki ngumu, polikaboneti. Cha kweli kinaona safi na hakichuniki upesi, lakini kizito na kikianguka kwenye mwamba kimekwenda. Polikaboneti nyepesi, haipasuki kirahisi, inachunika. Kampuni kubwa za miwani ya uvuvi zinauza vyote viwili. Costa kwa mfano wanaandika 580G kwa kioo na 580P kwa plastiki. Kwa binti anayetembea mwambani mimi ningesema plastiki.

Mshipi wa Kigombe

Naongeza sababu nyingine ya polikaboneti: chubwi, ule uzito wa mshipi. Samaki akikatika wakati mshipi umekazwa, chubwi na ndoana vinarudi chomboni kwa kasi. Mwaka jana chubwi ilipiga kioo changu cha kulia, ikaacha alama kama punje ya mtama. Nimeiweka miwani ile nyumbani. Naitazama na kufikiria jicho.

Mpima Macho

Habari zenu. Kazi yangu ni kupima macho, na kliniki ninayofanyia iko mji wa pwani, kwa hiyo wavuvi ninawaona kila wiki. Naomba nafasi ndefu kidogo.

Kwanza, polaraizi na kinga ya mionzi ya urujuanimno, ile UV, ni vitu viwili. Miwani inaweza kukata mng'ao vizuri na bado ikapitisha UV. Tafuta maandishi UV400, maana yake inazuia mionzi yote mpaka nanomita 400. Kwa sababu maandishi yanaweza kuchapwa na yeyote, njoo kwa mpima macho mwenye kifaa cha kupimia kioo, inachukua dakika moja. Kama huna mpima macho karibu, tumia ile taa ya zambarau ambayo wakala wa pesa hukagulia noti. Mulika noti, alama zake zitang'aa. Sasa mulika kupitia kioo cha miwani. Kama alama zinaendelea kung'aa vilevile, usiinunue. Hicho si kipimo cha maabara, lakini kinachuja zile mbovu kabisa.

Kioo cheusi kisicho na kinga ya UV ni kibaya kuliko kutovaa. Gizani mboni inafunguka, na mionzi inaingia kwa wingi zaidi. Bwana mwenye uzi huenda alivaa kitu cha namna hiyo kwa miaka miwili, na ningependa aje apimwe.

Pili, wavuvi wengi ninaowaona wana kinyama cheupe chenye mishipa ya damu kinachotambaa kutoka upande wa pua kuelekea kwenye mboni. Jua, upepo na chumvi vinakichochea. Kikiwa kidogo tunakiangalia tu. Kikifika mbele ya mboni kinaharibu kuona na kinahitaji upasuaji, na hata baada ya upasuaji kinaweza kurudi. Miwani inayokumbatia uso na kofia yenye ukingo mpana ndiyo kinga yake. Fremu ndogo nyembamba inaacha mwanga uingie pembeni na chini, na baharini mwanga unatoka chini pia.

Tatu, ndani ya mkono wa miwani tafuta namba ya daraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 linapitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na hilo ndilo la mchana wa bahari yetu. Daraja la 2 linapitisha asilimia 18 hadi 43, linafaa alfajiri, jioni na siku ya mawingu. Daraja la 4 ni jeusi mno na halifai kabisa kuendeshea gari wala pikipiki, kwa hiyo usirudi nalo nyumbani ukiwa kwenye bodaboda.

Mwisho kuna kasoro ambayo sijaona ikitajwa. Ukizungusha miwani mbele ya simu, angalia vioo vyote viwili kwa pamoja. Vinapaswa kuingia giza wakati mmoja. Kimoja kikitangulia, utando umebandikwa mshazari, na jicho moja litakuwa linapata mng'ao ambao lingine halipati. Ukishinda nayo kutwa utaumwa kichwa. Kisha inyooshe mkono mzima mbele yako, tazama fremu ya mlango kupitia kioo, isogeze kushoto na kulia. Mstari wa mlango usipinde.

Dagaa wa Mwanza

Daktari, nashukuru sana kwa hilo la kinyama, baba yangu analo.

Huku ziwani mambo ni tofauti kidogo. Sisi wa dagaa tunavua usiku wa giza kwa taa, na usiku miwani hii ni hatari tupu, isivaliwe. Faida tunaipata tukirudi. Jua linachomoza, chombo kinaelekea nyumbani, na mbele kuna maboya ya nyavu za sangara na magugu maji yaliyokatika. Kioo cha njano au kahawia hafifu, daraja la 2, kinaonyesha boya mapema. Propela ikimeza wavu wa mtu, asubuhi yako imeisha kwa ugomvi na fidia.

Lakini kuona samaki ndani ya maji huku wengi wasitegemee. Maji yakiwa ya kijani ya mwani mdogo, ukikata mng'ao unaona kijani.

Kijana wa Feri

Nimejaribu kwenye kikokotoo, kimezima! Vioo vyote kwa pamoja. Swali la mwisho, marehemu mzee wangu alikuwa anavaa miwani na mimi naelekea hukohuko, navaa miwani ya daktari ya kuonea mbali. Nifanyeje?

Mpima Macho

Pole kwa mzee. Njia ziko tatu. Kuna vioo vya polaraizi vya kubana juu ya miwani yako, ndivyo rahisi kwa bei, ila upepo na mawimbi vinaviangusha. Kuna miwani mikubwa ya kuvalia juu ya miwani yako, inakinga na pembeni pia, na mvuvi mimi namshauri aanze nayo hiyo. Ya tatu ni kutengenezewa polaraizi yenye namba zako mwenyewe, ghali lakini inadumu. Vipimo vyako viwe vya karibuni, usitumie karatasi ya miaka mitano iliyopita.

Bint Jambiani

Na kamba jamani. Ya kwangu ya kwanza ilikwenda na mkondo nikiwa nimeinama.

Mshipi wa Kigombe

Dada umenikumbusha. Chukua kipande cha kamba laini ya nailoni, funga kwenye mikono yote miwili ya miwani, katikati tundika kizibo kikubwa au kipande cha boya la wavu kilichochongwa. Ijaribu kwenye ndoo kwanza kama inaelea na uzito wa miwani yako, maana ya kioo cha kweli inahitaji boya kubwa zaidi. Ivute kidogo nyuma ya kichwa ili miwani isicheze ukiinama.

Daktari, nilikwenda kupimwa Jumanne. Mimi sina kinyama. Mjomba nilimchukua pamoja nami, na yeye anacho, jicho la kushoto, bado hakijafika kwenye mboni. Ameambiwa arudi baada ya miezi sita na asitoke baharini bila miwani na kofia. Nimemnunulia ya kahawia, daraja la 3, inayokumbatia uso, na vioo vyake tulivijaribu kwenye boneti ya gari mbele ya duka, mimi na yeye, tukipokezana. Alikuwa anasema miaka yote hahitaji, mwamba anaujua kwa miguu yake.

Jumamosi alikaa omo, mimi usukani. Tulipofika pale pa jiwe hakusema neno. Aliinua tu mkono wa kushoto, akauacha hapo muda mrefu, halafu akasema polepole, "Kumbe ni mawili."

Nimepita jiwe lile tangu utotoni na sikujua kama yako mawili. Picha ya ile kamba ya boya nitaiweka kesho mchana kwa anayetaka kuiga fundo.